Kuku wa Rubani

Zablon alidhani habari aliyoisikia redioni ingeifupisha safari ya basi kutoka Awendo. "Ng'ambo wanajaribu kompyuta," alimwambia mama aliyeketi kando yake na kuku wawili. "Ndege ikiharibika bawa angani, kompyuta hiyo inamchagulia rubani mahali pa kutua."

"Mjukuu wangu alikuwa anapelekwa hospitali kwa ndege, korongo akaligonga bawa likapasuka," mama akasema. "Rubani akatua shambani kwa jirani yetu Joash. Mtoto ni mzima. Hawa kuku nampelekea huyo rubani. Hiyo kompyuta ingejua kwamba Joash alikuwa amekata miwa juzi yake, shamba likawa wazi?"

"Ina ramani ya mashamba yote, mama."

"Ramani haikati miwa. Rubani wetu kila wiki huwauliza wakataji wamefika wapi."

"Basi itafundishwa kuuliza!" Zablon akafoka, maana hakuzoea kushindwa na mtu mwenye kuku.

Basi likasimama Homa Bay. Mama akainuka, akamwekea kuku mmoja mapajani. "Rubani atatosheka na mmoja. Huyu mpelekee anayeifundisha hiyo kompyuta. Mwambie asante, huko juu kuna wajukuu wa wengine."

Akashuka. Zablon, ambaye hakumjua mtu hata mmoja ng'ambo, akamshika kuku kwa mikono miwili.