Mkono wa Pili wa Sweta

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, haya ndiyo maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu, hasa wenye maduka, mlimwita Mzee Gramu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, wa kwanza kati ya watoto watano, akamaliza sekondari mwaka 1966, akasomea stashahada ya vipimo, na kuanzia tarehe 1 Julai 1970 hadi alipostaafu mwaka 2007 alikuwa mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya bila kumwonea haya mtu, kwani hata mizani ya bucha ya baba mkwe wake aliwahi kuifungia wiki nzima.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa binti na mwana, na mkewe, aliyependa kufuma, alikuwa akimfumia sweta la kijivu pale moyo wake uliposimama ghafla, tarehe 19 Agosti 2001, akiacha mgongo, kifua na mkono mmoja vimekamilika, na mkono wa pili ukiwa bado kwenye sindano. Marehemu alivifunga vyote pamoja na mabonge ya uzi yaliyosalia, akavitia sandukuni, na kwa zaidi ya miaka ishirini na mmoja hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na daktari alipomweleza kwamba dawa zingemtia ganzi vidoleni, alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akamwomba shemeji yake, mdogo wa mkewe, amfundishe kufuma kabla vidole havijamtoroka. Wazee wenzake wa barazani walimtania kuwa sasa amekuwa bibi, naye akawajibu kwamba kwa maneno hayo wasitegemee soksi. Uzi ulikuwa umechoka, ukikatika akiufunga na kuendelea, vitanzi vyake vilikaza ilhali vya mkewe vililegea, na pale vilipokutana palionekana hata kutoka mlangoni, ndipo shemeji aliposhauri mkono ule ufumuliwe wote, aufume yeye upya, upate kulingana. Mtu aliyetumia maisha yake kusawazisha mizani alikataa, akamwambia, "Shemeji, hizo safu za chini ni zake. Ukizifumua, nitazipata wapi tena?"

Aliumaliza Aprili 2024, wakati huo akiiongoza sindano kwa macho tu, maana vidole havikuihisi tena, shemeji akaunganisha vipande, wakamvisha, na sweta likamning'inia kama limetundikwa msumarini, kwa sababu mkewe alimpima akiwa na kilo zake zote. Shemeji alipochukua pini ili alibane ubavuni, marehemu alimzuia mkono, akajitazama kiooni kwa muda mrefu, akasema, "Hakukosea vipimo. Ni mimi niliyepungua."

Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amelivaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopokezana kukesha naye, na wakaguzi wenzake waliolibeba jeneza hili, wakashangaa wenyewe wepesi wake.

Pumzika kwa amani, kaka, unakwenda na sweta lako kama lilivyo, hatukulibana popote.