Hakuna Aliyeuliza Bei

Kijiwe chetu kiko Mkomaindo, hapa Masasi, mbele ya nyumba anayopanga Fakihi Haji Mchopa, muuza kahawa. Kina mabenchi mawili ya mbao, jiko la mkaa, birika na ndoo ya kuoshea vikombe. Mimi hukaa mwisho wa benchi, upande wa ukuta, na husema kidogo. Wasemaji ni watatu. Nurdin Salum Chitanda ni fundi redio, na kijiwe kinamwita Volti. Bartholomayo Namkaa alikuwa karani wa ushirika hadi siku korosho zilipoanza kununuliwa na kila mwenye mizani; yeye anaitwa Waziri, kwa kuwa hakuna jambo la serikali lisilomhusu. Wa tatu ni Kulwa, muuza dagaa kutoka Mwanza, ambaye hajapewa jina jingine kwa sababu anapiga kelele ukimtania. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, na kahawa ilikuwa ya moto.

Inafaa nieleze kwanza habari ya Somoe, mke wa Fakihi. Alikuwa akiuza makoti ya mitumba minadani, leo Lisekese, kesho Chiungutwa, mpaka bodaboda ilipomwangusha na mguu ukaunga vibaya. Kuzunguka hawezi tena. Basi akaamua kuyauza makoti kwa simu, kwa picha, katika kundi la wasap la watu wa Masasi na Newala. Fakihi naye alikuwa ametamka mbele yetu sote: ikifika Ijumaa hakuna koti hata moja lililotoka, wanahama, wanakwenda Newala kwa kina Somoe kulima. Somoe hakutaka kulima kwa mguu ule. Na kijiwe hakikutaka birika lihame.

Kwa hiyo jana yake, mchana, chumba cha Somoe kiligeuzwa studio. Volti alifunga balbu mbili nyeupe kwenye waya, akazining'iniza moja kila upande ili vivuli vifutane. Alitandika shuka jeupe juu ya mkeka, na karibu na dirisha akaegemeza kipande cha bati jipya kirudishe mwanga. Kulwa alisema koti peke yake halimvuti mtu, mteja aone seti kamili. Basi koti jeusi likalazwa juu ya shuka, shati ndani yake, suruali chini yake, viatu vikafuata, na kofia ikawekwa juu, mahali pa kichwa. Somoe alifukiza ubani kuondoa harufu ya mtumba, na Volti akashangilia moshi, akisema unalainisha mwanga. Waziri alikataza bei isiandikwe, kwa hoja kwamba katika soko huria anayetaja bei kwanza ameshindwa. Mimi niliombwa maneno tu. Niliandika: Karibuni nyote nyumbani kwa Fakihi Haji Mchopa, Mkomaindo, Masasi. Jina la mtu likiandikwa, liandikwe lote.

Picha ilitoka nzuri, sikatai. Koti lilikuwa jeusi kama lilivyo, na vifungo vilihesabika.

— Oneni kitu hicho! alisema Volti asubuhi ile, simu ya Somoe mkononi. Balbu mbili, waya wa redio mbovu na bati la Fakihi. Studio za Dar zinataka nini zaidi?

— Zinataka wanunuzi, alisema Fakihi, akipepea mkaa.

— Wanunuzi si hawa! Kundi lote limeona, kuanzia jana.

— Wameona. Wamesemaje?

Volti alipandisha kidole, akakishusha.

— Huyu kaweka mikono miwili imeshikana. Na huyu mikono. Na huyu. Wote mikono.

— Hao wanaomba punguzo, alisema Kulwa.

— Punguzo la bei ipi, na bei hatujataja?

— Ndiyo ujanja wenyewe, Volti! Wameanza kuomba mapema. Kwetu Mwanza mtu anakulilia gunia hujalifungua.

Somoe alitokea mlangoni, gongo kwapani. Alituamkia, tukaitikia, kisha akamgeukia mumewe.

— Baba Rukia, kwa nini hakuna anayeuliza bei? Nimeuza nguo miaka yote. Mtu akishaipenda nguo, neno la kwanza ni bei. Hata asiye na hela anauliza.

— Subira, mama, alisema Waziri. Hiyo ni biashara ya minadani. Hii ni ya mtandao. Mteja anajadiliana na nafsi yake kwanza.

— Na unga?

— Unga gani?

— Jana jioni bodaboda kaleta debe la unga wa muhogo kutoka Chiungutwa. Kasema umetumwa hapa, basi. Nikamuuliza ni wa nini, akatazama chini, akawasha pikipiki.

Waziri alipiga goti lake kwa furaha.

— Si nilisema! Hayo ndiyo malipo! Soko limekuwa huria mpaka limevuka fedha, watu wanabadilishana mali. Koti moja, debe moja la unga. Mfungieni koti lake!

— Koti lipi? alisema Somoe. Hajataja koti.

Akarudi ndani. Tulisikia gongo likigonga sakafu mpaka kitandani. Fakihi aliinamia ndoo. Aliosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshaoshwa.

— Mimi nadhani tatizo ni balbu, alisema Volti, sauti imepungua. Mwanga mweupe una baridi. Mtu akiutazama anapatwa na ubaridi, ananyamaza. Tungepata balbu moja ya njano...

— Acha balbu! Tatizo ni mlima, alisema Kulwa. Wateja wengi wako Newala, sivyo? Picha inatoka hapa chini, inapanda mlima wote ule na koti, suruali na viatu. Ikifika juu imechoka. Mtu anaiona imechoka, anaihurumia, anaweka mikono.

— Picha haina uzito, Kulwa!

— Mbona inakula bando?

Volti alitazama salio la bando la Somoe. Hilo hakuwa amelifikiria.

— Nyote mnacheza pembeni, alisema Waziri. Sikilizeni. Zamani nchi hii ilikuwa na simu ya posta tu, na mitumba ilikuwa ya magendo. Leo makampuni yanagombana mpaka kila jabali lina mnara. Sasa mnara mmoja ukiona picha yenye mwanga mkali namna hii, unafanya nini? Unaizuia! Wakubwa wa Kariakoo wameshaiona. Wanaulizana huyu Fakihi Haji Mchopa ni nani, ana mitambo gani. Wamekaa kikao. Ile mikono iliyoshikana ni mikono ya wakubwa wakikubaliana!

— Kukubaliana nini?

— Kuja kuyanunua makoti yote kwa mpigo, wamfungie njia.

Ningependa kusema kwamba hakuna aliyeamini. Lakini wakati ule ule simu iliita mkononi mwa Volti, naye akaiweka sauti ya juu tusikie sote. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, ya taratibu.

— Tumeona, alisema. Tumeona wote. Msihangaike, tumekodi gari, liko njiani kutoka Newala.

Tulishangilia, kisha ikakatika.

Kulwa aliruka juu hata benchi likamwinua Waziri upande wa pili.

— Wamekodi gari! Kwa makoti! Gari zima!

— Somoe! Mama Rukia! aliita Fakihi, na sauti yake ilikuwa ya kijana. Wanakuja! Toa makoti yote!

Volti alikimbia ndani kuwasha balbu, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Waziri alifunga vifungo vya shati mpaka kooni. Kulwa alifagia mbele ya nyumba kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya hata penye dagaa zake. Fakihi alijaza birika. Somoe alituita tumpokee makoti dirishani, na nilimsikia akicheka peke yake, mara ya kwanza tangu avunjike mguu.

Pikapu ilifika mchana. Ilijaa wanawake, kanga zimefungwa viunoni, nyingine vichwani. Mmoja alikuwa na mkeka uliokunjwa. Wawili walishusha sufuria kubwa.

— Mbona wana sufuria? alinong'ona Kulwa.

— Za kubebea nguo, alisema Waziri. Wateja wa jumla hao.

Wanawake walivua ndala pembeni ya barabara, mbali na nyumba, wakaja kimya. Aliyetangulia nilimfahamu. Ni Bi Asumini Ausi, mama mkubwa wa Somoe, aliyemlea. Fakihi alipomwona aliweka birika chini, akainama, macho ardhini, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mkwe wangu, alijibu Bi Asumini, akapita.

Alipofika karibu na mlango akasimama. Hakugeuka upesi.

— Nani kaniamkia?

— Mimi, mama. Fakihi.

Nyuma, mwanamke aliyekuwa ameanza kulia alikatisha kilio katikati, akabaki mdomo wazi. Bi Asumini alirudi polepole mpaka penye jiko. Alimtazama Fakihi miguu, akamtazama mikono.

— Nipe kahawa.

Fakihi alimimina. Alimpa kwa mikono miwili, macho bado chini. Bi Asumini alionja.

— Ni yeye, aliwaambia wenzake. Hakuna mwingine anayeiunguza hivi.

Hapo kelele zilizotoka sijui niziite nini. Wengine walicheka, wengine walilia upya, mmoja alikaa chini katikati ya vumbi akijipepea kwa kanga. Bi Asumini alinyoosha mkono watulie. Akatoa simu kifuani, akatuonyesha picha yetu.

— Nani kafanya hii?

Volti alikuwa bado ameshika kipande cha waya. Alikificha nyuma.

— Shuka jeupe juu ya mkeka, alisema Bi Asumini. Kofia kichwani, viatu miguuni. Ubani unafuka. Na chini jina la mtu, lake na la baba yake. Kwetu nguo za marehemu hulazwa namna hii siku ya kugawana, ndugu waje wachukue. Newala wamelia tangu jana. Dereva huyu hapa kalia, na mkwe wangu hajapata kumwona. Mjomba wake Somoe ndiye aliyepiga simu, anasema kasikia watu wanashangilia, kaogopa.

— Tulidhani... alianza Waziri.

— Ngoja, baba. Nina swali moja tu. Mkwe wangu huyu hapa anamimina kahawa. Basi hizi nguo ni za nani?

Kulwa alimtazama Volti. Volti alimtazama Waziri. Waziri alifungua kifungo cha kooni, akanitazama mimi, kwa sababu jina la kwenye picha niliandika mimi. Miaka ile mitumba ilipoanza kuingia kwa ruhusa, tuliiita kafa ulaya, nguo za aliyefia huko, tukacheka, tukavaa. Nami nilivaa, shati nililokuwa nalo mwilini mchana ule lilikuwa mojawapo. Nayajua majina ya watu wa Mkomaindo na ya babu zao. Bi Asumini alinisubiri, na sikuwa na jina la kumpa.

Gongo liligonga kizingiti. Somoe alikuwa amesimama mlangoni na lile koti jeusi mkononi. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa ameshaelewa kabla yetu.

— Baba Rukia, vaa.

— Mbele ya mama?

— Vaa, alisema Bi Asumini. Huko Newala wameshaanza kutwanga mahindi ya matanga, tuwatumie picha wakuone u hai.

Fakihi alivaa koti. Alivaa viatu, akavaa kofia. Vyote vilimkaa, kana kwamba vilikatwa kwa kipimo chake, na wanawake wakaguna pamoja. Volti alileta balbu zake nje kwa waya mrefu, akazishika mwenyewe, moja kila mkono. Kulwa alishika bati. Fakihi alisimama katikati, birika mkononi, asijue atabasamu vipi na mkwewe yupo, mpaka Bi Asumini alipomgeuzia mgongo kumpa nafasi. Somoe aliegemea gongo lake, akapiga picha. Maneno aliandika mwenyewe. Mimi hakuniomba. Aliandika bei tu.

Wanawake wa Newala walitandika mkeka wao kivulini, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuja nao. Unga wa Chiungutwa ulisongwa katika sufuria zao. Kahawa waliinywa ile ya kuungua mpaka birika likagongwa tako na kutoa tone la mwisho, nalo akapewa dereva. Tulikaa na vikombe vitupu. Hakuna aliyekuwa na nadharia.

Simu ililia. Somoe aliitazama, kisha akampa Volti, akasema asome kwa sauti. Ulikuwa ujumbe kutoka Chiungutwa, wa yule aliyetuma unga. Volti alisoma:

— Unga huo kuleni tu. Hilo koti alilovaa marehemu niwekeeni, bei nimeiona. Nalifuata kesho asubuhi.