Marehemu Yeslam Ghassan Mbarak, Serahangi wa Kilindini na Mpishi wa Biskuti Laini za Kuze

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Karatasi hii inasomwa leo Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2025, baada ya sala ya Alasiri, katika hitima ya Marehemu Yeslam Ghassan Mbarak, mbele ya nyumba yake hapa Kuze. Wanaume mlioketi mikekani na akina mama mlioko ghorofani, huenda mmeshangaa kuliona neno mpishi juu ya karatasi. Halikukosewa. Marehemu mwenyewe aliagiza liwekwe, na mjane wake, Bi Badria Sheikhan, alivaa miwani akalihakikisha kabla karatasi hazijapigwa chapa.

Sababu ya agizo hilo ni hii. Kwa miaka arubaini na miwili biskuti za nyumba hii, zile laini, nene, zenye aisingi juu, yaani sukari laini ya kupaka, zimesifiwa kwa jina la Bi Badria. Hazikupikwa na Bi Badria. Zilipikwa na mumewe. Katika siku zake za mwisho Marehemu hakuogopa kufa. Aliogopa kufa na neno hilo kifuani, mkewe akabaki amebeba sifa aliyobebeshwa.

Marehemu alizaliwa katika nyumba hii hii, chumba cha chini kinachotazama kichochoro, tarehe 9 Februari 1953. Baba yake, Mzee Ghassan Mbarak, aliuza viungo Marikiti. Mama yake alikuwa Bi Maisara. Tangu utotoni alikaa na baba yake dukani akichambua iliki na kupepeta bizari, na pua yake ikawa hodari. Ukimfumba macho ukampa dalasini ya mwaka jana na ya mwaka huu, alikwambia ipi ni ipi.

Alisoma chuoni papa hapa Kuze akahitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja, na akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba, mwaka 1967. Hesabu alizipenda kuliko kusoma. Mwaka uliofuata baba yake alifariki, na Yeslam, akiwa mwanamume mkubwa wa nyumba, akaacha shule.

Tarehe 3 Agosti 1970 aliandikwa kazi ya ukuli bandarini Kilindini. Alipanda ngazi polepole hadi mwaka 1981 akafanywa serahangi, yaani mkuu wa genge la makuli, na akaishika kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2008. Waliofanya kazi naye wanajua sauti yake. Akisema "Inua!" gati hili, na gati la pili waliinua. Hakucheka kazini, na mtu aliyechelewa alimtazama tu, hakumwambia kitu, na mtu huyo hakuchelewa tena.

Biskuti zilianzia huko huko bandarini. Mwaka 1979 meli moja ya mizigo iliharibika mtambo ikakaa wiki tatu. Mpishi wake alikuwa mtu mnene, mpole, na siku ya pili alimpa Yeslam biskuti mbili, nyeupe kama hazikuguswa na moto, juu zimepakwa sukari iliyopigwa na siagi. Yeslam alizifunga kwenye leso, hakuonja, akampelekea mama yake. Bi Maisara wakati huo hakuwa na jino hata moja. Kila Idi alitazama wenziwe wakitafuna biskuti, yeye akizichovya kwenye chai mpaka zikakatika zikazama, akabaki kuzivua kwa kijiko.

Ile ya meli aliikata kwa ufizi. Ikakatika. Akaimaliza, akaila na ya pili, kisha akasema, "Mwanangu, hii imepikwa na mtu mwenye mama."

Kuanzia siku hiyo, kila alipopata nafasi, Yeslam alisimama mlangoni mwa jiko la meli. Hakujua lugha ya mpishi, wala mpishi hakujua yake. Walisemezana kwa vidole. Aliona siagi na sukari zikipigwa mpaka zikawa nyeupe, mayai, unga wa ngano, poda ya kuumulia kidogo, na kitu kimoja ambacho hakukitarajia: kijiko kikubwa cha maziwa ya mtindi. Aliona donge likilazwa penye baridi kabla ya kusukumwa. Na siku ya kwanza, mpishi alipozitoa motoni bado zimepauka, Yeslam alimshika mkono ili azirudishe. Mpishi alimpiga kofi mkononi, akamwonyesha saa. Wakangoja. Zikaivia juu ya trei yenyewe, nje ya moto. Baadaye Marehemu alikuwa akisema, "Biskuti ikikwambia imeiva, umeshachelewa."

Meli ikaondoka. Nyumbani hapakuwa na ovani, ila seredani, lile jiko la makaa. Alizipika ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Za kwanza ziliungua. Za pili paka alizinusa akaondoka. Za tisa Bi Maisara alikula nne, na toka hapo hakuzikosa mpaka alipoiaga dunia mwaka 1982.

Tarehe 4 Machi 1983, siku ya Ijumaa, Marehemu alimuoa Bi Badria Sheikhan wa Kibokoni. Bi Badria alikuja na pilau lake, na mahamri yake yalijulikana, lakini biskuti hakuwa hodari nazo. Wiki ya pili ya ndoa aliingia jikoni bila hodi, akamkuta mumewe amekaa kibaoni, kanga imefungwa kifuani, anatwanga sukari kwenye kinu ili ipate kuwa unga.

"Bwana Yeslam," akasema, "hiyo ni kanga yangu ya harusi."

"Najua. Funga mlango kwanza."

"Na kinu unakitwangia nini?"

"Badria, funga mlango!"

Mlango ulipofungwa, serahangi aliyekuwa akisikika gati mbili aliongea kwa mnong'ono. Akamweleza habari za mama yake na za ile meli. Akasema, "Wale watu wa gatini wakijua, nimekwisha. Nikisema inua, watanambia kwanza tupake sukari. Nisitiri, mke wangu."

Bi Badria akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Nitakusitiri. Lakini uongo sisemi."

"Usiseme uongo. Nyamaza tu."

Ndivyo walivyoafikiana. Idi ile sahani zilitoka chini ya kawa kwenda kwa majirani, na majirani walipouliza nani kapika, Bi Badria alijibu, "Zimepikwa nyumba hii." Alijibu hivyo hivyo miaka yote. Mkikumbuka vizuri, hajapata kusema "Nimepika mimi." Mliongeza wenyewe.

Ila sifa ina uzito wake, hasa isiyo yako. Bi Badria aliombwa kufundisha wasichana akasingizia kichwa. Aliposifiwa harusini aliangalia sakafu, na watu wakasema, "Tazama unyenyekevu wake!" Wakamsifu mara mbili.

Marehemu naye alikaribia kufichuka. Mwaka 1991, mkesha wa Idi, alitoka jikoni moja kwa moja kwenda zamu akasahau kujitazama kwenye kioo. Gatini kuli mmoja akamwambia, "Serahangi, sikio lako limechanua."

Akajipapasa. Aisingi ya waridi.

"Rangi ya meli," akasema.

"Meli gani, serahangi? Miaka kumi niko hapa sijaona meli ya waridi."

"Inua!" akasema Marehemu. Wakainua.

Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu: Zaki, Lamis na Swafia. Mwaka 2012 ilikuja posa ya Lamis kutoka Likoni, na mama wa bwana harusi, Bi Zakiya, hakuficha sababu. "Mwana wa mkono ule," alisema, "hawezi kuwa na mkono mwingine." Lamis wakati ule ujuzi wake ulikuwa kulamba bakuli. Kwa hiyo kila mwezi Marehemu alivuka Feri na sanduku lake la zamani la vyuma vya kazi, ndani biskuti zimepangwa tabaka kwa tabaka, akamkabidhi bintiye mlango wa nyuma. Siku moja mtu anayemfahamu alimuuliza pale Feri, "Ami Yeslam, si umestaafu? Vyuma vya nini?"

"Binti yangu ana mlango unalia."

"Mbona mafuta yake yanukia vanila?"

Bi Zakiya yuko ghorofani leo. Lamis anamuomba radhi. Anasema pia kwamba zile za mwaka huu ni zake mwenyewe, wallahi.

Mwaka 2022 mikono ya Marehemu ilianza kutetemeka. Madaktari walimpa dawa, na mwanzoni zilisaidia. Lakini ilipofika Ramadhani ya mwaka 2024 hakuweza kushika kisu cha kupakia aisingi, wala kubeba trei. Idi ikawa inakuja na biskuti hakuna. Bi Badria akasema, "Pumzika. Miaka yote hii nimekutazama." Akapika, akafunika kwa kawa, akapeleka kama kawaida.

Zilikuwa ngumu. Mtoto mmoja wa mtaani alichukua moja akagongea msumari.

Jirani yetu Bi Mejumaa, ambaye meno yalimuaga zamani, hajapata kuturudishia sahani tupu. Siku ya pili ya Idi alikuja mwenyewe, fimbo mkono mmoja na bakuli mkono wa pili, akaingia mpaka chumbani alikolala Marehemu. Ndani ya bakuli mlikuwa na mtindi.

"Yeslam," akasema, "mkeo kasahau mtindi."

Marehemu akamtazama Bi Badria. Bi Badria akatazama dari.

"Wajua toka lini, Bi Mejumaa?" akauliza Marehemu.

"Dirisha langu latazama jiko lako. Nimekuona kwa mato yangu haya, na kanga kifuani, toka mwaka wa harusi yako. Na mwaka 2006 ulipokwenda Hija, Idi ile nyumba hii si ilitupa tende? Tulicheka wanawake wote wa Kuze."

"Na hamkusema!"

"Mtu akijifunika shuka, mwanangu, wewe wamfunua wa nini?"

Marehemu akajivuta shuka usoni, na shuka ikawa inatikisika kwa kicheko, hata Zaki akakimbilia dawa akidhani ni maradhi.

Lakini Bi Mejumaa alipoondoka, Marehemu alimwita Bi Badria akae kando yake. Kisha akamwambia mkewe, "Wanawake wanajua na wamenisitiri. Wanaume ndio niliowaogopa, na kwa hofu hiyo nimekubebesha wewe. Siku ya hitima yangu, semeni."

Bi Badria hakukubali upesi. "Na uso wangu niuweke wapi?" akauliza. "Watasema nililala juu ya sifa ya mume wangu." Akafikiri siku tatu. Siku ya nne akampa sharti: atakubali isomwe, lakini kwanza amfundishe mpaka ziwe laini kweli. Hakutaka siku hiyo aitwe muongo na pia asiyejua kupika.

Basi mwaka mzima na zaidi Marehemu alikaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko, fimbo mkononi, na ile sauti ya gatini ikarudi. "Toa!" Bi Badria akisema bado nyeupe, yeye akisema, "Toa, Badria!" Waligombana, wakacheka, mtaa mzima ukasikia, na safari hii hawakufunga mlango. Mwezi wa Shawwal mwaka huu Bi Badria alimwekea moja mkononi. Marehemu, ambaye naye meno yalikuwa yamebaki machache, aliikata kwa ufizi. Ikakatika. Akaimaliza.

"Hii," akasema, "imepikwa na mtu mwenye mume."

Marehemu alifariki hapa nyumbani Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, baada ya sala ya Alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkewe na wanawe wakiwa kando yake. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Adhuhuri katika makaburi ya Kikowani. Tunawashukuru waliomuuguza, waliomuosha, na waliombeba begani. Makuli wa zamani mlilishika jeneza kama alivyowafundisha, kwa pamoja na bila kuyumba.

Ameacha mjane, Bi Badria Sheikhan, watoto watatu, Zaki, Lamis na Swafia, wakwe wawili, wajukuu saba, na dada mmoja, Bi Swabaha.

Wazee wa lile genge, ile meli ya waridi sasa mmeijua ilikotia nanga.

Masinia yanayopita mbele yenu yana biskuti. Majirani mlimkataza Bi Badria asishike chungu siku hizi za msiba, naye hakusikia. Alizipika jana, mtindi aliutia, na alizitoa kabla hazijamwambia. Kuleni. Mkiulizwa huko mwendako, semeni zimepikwa nyumba hii.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mola amsitiri Yeslam huko aliko kama alivyositiriwa hapa, amlaze mahali laini, na ampe raha isiyokwisha. Amin.