Mahbuba binti Yaqoob na Jaribio Alilolisimamisha

Wazee wetu, mama zetu, majirani wa Al Hail, na nyote mliofunga safari kuja kukaa nasi siku hizi tatu, familia imemtuma Balqis, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake kama yalivyokuwa, bila kupunguza, maana marehemu mwenyewe alikuwa haipendi karatasi iliyoachwa kitu, na ikiwa msomaji itamkatika sauti njiani, mtamvumilia.

Mahbuba alizaliwa Kikwajuni, Unguja, tarehe 14 Machi 1973, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Yaqoob, Mungu amrehemu, na Bibi Zakiya, ambaye tunaye hapa mbele yetu leo. Familia ilihamia Muscat mwezi wa Septemba 1980, ikapanga nyumba ya vyumba viwili Al Khuwair, na mtoto akatiwa skuli akiwa hana Kiarabu ila kile alichokipata chuoni kwa msahafu, basi siku ya kwanza akaomba maji kwa lugha ya aya, darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka. Hakulia. Alirudi nyumbani, akamwambia baba yake anataka kamusi, na mwaka wa tatu wake ndiye aliyekuwa akiwasahihisha wenzake imla.

Mwaka 1991 alipata nafasi ya kusoma Uingereza, mjini Sheffield, akachagua elimu ya vyuma, jambo lililomshangaza kila mtu isipokuwa baba, na akahitimu tarehe 7 Julai 1995. Tarehe 6 Januari 1996 alianza kazi ya kukagua mabomba ya mafuta, akaifanya kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, akizunguka jangwani na kofia ngumu juu ya mtandio, akikisikiliza chuma kwa mashine ya mawimbi ya sauti kama daktari anavyompima mja mzito. Alikuwa hatii sahihi amesimama, hata akiletewa waraka kwenye dirisha la gari atashuka, atatafuta pa kukaa, ausome tangu mwanzo, na madereva waliokuwa na haraka zao walikuwa wakimwogopa.

Alhamisi ya tarehe 23 Agosti 2001 aliolewa na Bwana Ishaq, ambaye watu wake walitoka Tabora, na ambaye mpaka leo tunamtania kwa Kiswahili chake cha bara, naye hajapata kuchoka wala kukasirika. Mungu aliwajaalia watoto wawili, Jumana, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2003, na Ghaith, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2006, na yeyote aliyepata kula katika nyumba ile anajua kwamba mpishi alikuwa Ishaq, kwani marehemu, pamoja na elimu yake yote, wali ulikuwa ukimshinda.

Tarehe 3 Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, aliacha kazi yenye kiti cha raha akaenda kuwa mkuu wa ukaguzi katika kampuni changa ya roketi, iliyokuwa na karakana yake nyuma ya milima, upande wa Amerat. Kazi yenyewe, kwa tusioijua, ni hii: roketi inaporushwa, sehemu yake ya chini inayoisukuma, ambayo wenyewe wanaiita busta, hujitenga na kuanguka baharini kwa mwamvuli, basi hawa walikuwa wanaliokota, wanaliosha chumvi, wanalikagua kila mshono, kisha wanalifunga kwenye mnara wa chuma na kuliwasha papo hapo ardhini, lingurume bila kuruka, ili wajue kama linafaa kurushwa tena. Mama alipoelezwa haya alisema, "Kumbe mwanangu kasoma kote kule aje kuosha mapipa," na tangu siku hiyo nyumbani kwetu busta likawa pipa.

Pipa la kwanza liliingia karakana Jumatano ya tarehe 9 Novemba 2022, likiwa zima, na watu walilia kwa furaha. Sasa, Mahbuba alikuwa mtoto wa Zakiya, na katika nyumba ya Zakiya hakuna aliyerudi safari, awe mtu au gari jipya, akaachwa bila kufukizwa, kwa hivyo akatoa chetezo alichokileta kutoka nyumbani, na udi wa mama, ule unaopikwa kwa sukari na mafuta mazuri, akalizunguka busta lile huku wenzake wakipiga makofi na kupiga picha, na akakipitisha chetezo chini ya milango ya mabomba, iliyokuwa imekwisha kuoshwa na kukaushwa ikisubiri kufungwa lakiri. Jioni ile milango ikafungwa, lakiri ikatiwa, na katika daftari pakaandikwa kwamba mabomba ni safi. Udi haukuandikwa, kwa sababu hakuna aliyeuona kuwa ni kazi, ulikuwa furaha tu.

Jaribio la kuliwasha liliwekwa Jumanne ya tarehe 7 Machi 2023, saa tano asubuhi, na wageni wakubwa walikwishakaa chini ya hema, na mkurugenzi, Bwana Mahfoudh, alikwishatoa hotuba yake. Mahbuba alikuwa amekaa na waraka wa mwisho mapajani, akaufikia mstari unaouliza ni kitu gani kimeigusa njia ya oksijeni tangu ilipooshwa, na hapo, kama alivyotusimulia mwenyewe baadaye, akaukumbuka udi. Oksijeni inayotiwa kwenye busta imepozwa mpaka ikawa maji, na ikikutana na mafuta, hata tone, huweza kulipuka, na moshi wa udi ule ulikuwa na mafuta. Ndani ya uzio walikuwamo mafundi thelathini na mmoja, na aliyekuwa karibu zaidi na vali ya mlango wa oksijeni alikuwa Hadeel, binti wa miaka ishirini na minne ambaye Mahbuba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Hatutaki kumfanya malaika, yeye mwenyewe alisema kwamba kwa dakika nzima alitafuta njia ya kunyamaza. Alijiambia kwamba moshi ni moshi tu, kwamba miezi minne imepita, kwamba hakuna anayejua, na aliyaona mbele yake yote yatakayompotea, jina la miaka ishirini na saba, na maneno ya wale waliokuwa wakisema tangu mwanzo kwamba mwanamke hapaswi kupewa muhuri wa mkuu wa ukaguzi. Aliogopa. Kisha akainuka, akaenda mpaka mbele ya hema, akasema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiarabu chote kilimtoka, "Mahfoudh, simamisha. Ule mlango wa oksijeni nliufukiza udi kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuandika."

Wageni waliondoka bila kuona moto. Vali ilipofunguliwa wiki ile palikutwa utando wa mafuta usiozidi upana wa kucha, nao ulikuwa unatosha kuangamiza, na hata hivyo Bwana Mahfoudh alimnyang'anya muhuri, na yeye hakumlaumu. Kwa miezi kumi na moja mkuu wa ukaguzi alivaa glovu pamoja na vibarua, akifuta mabomba kwa vitambaa na dawa, akipokea amri kutoka kwa Hadeel, na nyumbani mama akawa hasemi naye vizuri, akiuliza kila mgeni, "Hebu niambie, udi wangu una kosa gani?" Sisi wa nyumbani tulimwambia aache kazi. Alitujibu kwamba anayechafua ndiye anayeosha, akaondoka zake.

Alirudishiwa muhuri tarehe 11 Februari 2024, akaukubali kwa sharti moja, kwamba kabla ya kila jaribio kila mtu, kuanzia mkurugenzi, aulizwe mbele ya wenzake kama kuna alichokifanya ambacho hakikuandikwa, na atakayesema asigombezwe wala asiadhibiwe. Bwana Mahfoudh alilikataa sharti hilo mara mbili, mara ya tatu akalitia sahihi. Tarehe 18 Aprili 2024 pipa lile lile likaruka kwa mara ya pili, likarudi, na baada ya hapo likaruka mara mbili nyingine, na sisi tulikuwa juu ya dari la nyumba hii tukitazama simu, mama akipiga vigelegele, na tunajivunia, hatuoni haya kusema, tunajivunia sana.

Tarehe 17 Juni 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatuita sote siku ile ile, akatuambia jina la ugonjwa na muda aliopewa, akatukataza kunong'ona nyuma ya milango. Aliendelea kwenda karakana mpaka mwezi wa Novemba. Alhamisi iliyopita alimwita Hadeel, aliyeushika muhuri baada yake, akamwambia jaribio la Jumanne lisiahirishwe kwa ajili ya maiti, na Jumapili tarehe 11 Januari 2026, saa moja na nusu asubuhi, alifariki kitandani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa Ishaq, akazikwa baada ya sala ya alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa huruma, majirani walioleta chakula mpaka friji likakataa kufunga, na wafanyakazi wenzake, waliobeba jeneza bila kupokezana na watu wa nje, na Bwana Mahfoudh, ambaye amekaa barazani kwetu tangu Jumapili akipokea mikono ya rambirambi kama mwenye msiba, naye ni mwenye msiba.

Jaribio la Jumanne ni la leo. Saa nne kasorobo, tukiwa tunaipanga karatasi hii, Hadeel amepiga simu, na familia imeona iongezwe. Watu waliulizwa, kama kawaida, na fundi mmoja wa makamo, mwenye watoto watano, amenyoosha mkono akasema kwamba jana, kwa majonzi ya msiba, alikaza boliti bila kuzipima na akaandika kwamba amezipima. Hakuna aliyemgombeza. Hadeel amekaa chini, ameandika, na amelisimamisha jaribio mpaka Alhamisi.

Nenda salama, dada yetu, Mola akulaze mahali pema, mafundi wako wote wamerudi majumbani kwao.