Mayai Mawili kwa Siku: Ma Kokubanza Anakabidhi Mwiko

Ma Kokubanza, mpishi mkuu wa hospitali yetu ya misheni hapa Muleba, anastaafu tarehe 31 Desemba 1958, baada ya kulitumikia jiko moja kwa miaka ishirini na saba. Alianza mwaka 1931 kwa kuchota maji na kumenya ndizi. Tangu hapo amefundisha wapishi kumi na wanne, ameungua mkono wa kushoto mara mbili, na hajawahi kula kabla ya mgonjwa wa mwisho.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike juu ya chai aliyompikia Bwana DC, mkuu wa wilaya, alipotutembelea. Ilikuwa chai nzuri. Bwana DC aliomba kikombe cha pili, Ma Kokubanza akamwambia kwa Kihaya asubiri wagonjwa wapate kwanza, na mkalimani akatafsiri kwamba maji bado hayajachemka. Basi nimeyaandika, kamati iridhike. Sasa niseme lililo moyoni. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, nina miaka kumi na saba, na mbele za watu sauti hainitoki. Kwenye karatasi inatoka.

Oktoba 1956 mama yangu, Klaudia, alilazwa hapa akiwa na kansa ya titi. Alikuwa na uzito wa ratili themanini na nne. Nyumbani bibi yangu Ephrasia, mama yake baba, alikuwa amemwachia uji mwepesi na majani machungu tu. "Uvimbe unakula kabla yake," alisema. "Unyimeni chakula, ufe njaa." Daktari naye akasema hatampasua mpaka afike ratili tisini na tano, maana asingehimili.

Ma Kokubanza alipomwona alikasirika mpaka akaunguza maharage. "Huo uvimbe haungoji sufuria, waitu," alimwambia bibi aliyekuwa kando ya kitanda. "Ukikosa chakula utakula nyama yake mwenyewe." Kuanzia siku hiyo mama akapata uji wa maziwa na karanga, ndizi za kupondwa, na mayai mawili kwa siku. Mayai. Kila Mhaya anayesoma hapa anajua kwamba mwanamke hakula yai, wala kuku, wala panzi wetu senene. Alipika, wanaume wakala. Mama aliyala huku macho yake yako mlangoni. Kwa wiki tano akafika ratili tisini na moja.

Ndipo baba yangu, Rwegasira, alipoona maganda chini ya kitanda. Akaniuliza nani ameleta. Nikanyoosha kidole kuelekea jikoni.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Kwenye kitanda kile ilining'inia kadi, na daktari alikuwa ameandika kwa Kiingereza: mayai mawili kila siku. Katika ukoo wetu mimi peke yangu ndiye niliyesoma Kiingereza. Ningemsomea baba kwa Kiswahili yakaisha. Nilinyamaza kwa woga. Lakini mimi nilikuwa mtoto. Wakubwa wa hospitali walioisoma kadi ile kila asubuhi walinyamaza kwa nini? Daktari alikuwa ameitwa Bukoba mwezi mzima. Baba akafoka ofisini, na karani mkuu, Bwana Kagaruki, akampa Ma Kokubanza barua ya onyo kwa kuvunja mila za wagonjwa, akampeleka kufua mashuka. Aliyetii amri aliadhibiwa na wale wenye amri hiyo mkononi.

Wiki tatu. Mama akashuka hadi ratili themanini na sita. Siku hiyo niliitoa kadi kwenye msumari nikamsomea baba, neno kwa neno.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Tata."

Hakunipiga. Alivua kofia akaenda mwenyewe kwenye chumba cha kufulia. "Ma, nimekosa. Rudi jikoni," alisema. Ma Kokubanza, mikono ikiwa kwenye povu, aliuliza jambo moja tu: "Leo amekula nini?"

Februari 1957 mama alifika ratili tisini na sita, akapasuliwa. Kisu ndicho kilichoondoa uvimbe, si yai. Ma Kokubanza hajawahi kudai vinginevyo, na humfukuza kila anayekuja jikoni kuuliza chakula cha kuponya kansa. Yai lilimpa mama mwili wa kuvumilia kisu. Mwaka huu uvimbe umerudi, kwapani. Hatujui itakuwaje. Tunajua tu kwamba hatashinda na njaa.

Barua ile ya onyo bado imo katika faili la Ma Kokubanza; niliiona mwezi uliopita nilipotumwa ofisini. Leo mnampa kanga na hotuba. Itoeni kwanza.

Ma Kokubanza, asante kwa kila bakuli. Na unisamehe, nimechelewa miaka miwili kusema. Nenda salama nyumbani kwako Rwamishenye, upumzishe mgongo, na kuanzia sasa ule chakula kingali moto. Ila leo usiharakishe kuondoka. Mama analeta kapu la mayai aliyoyachemsha mwenyewe, na anasema mtayala pamoja, humu humu ukumbini. Bibi Ephrasia amewekewa kiti safu ya mbele.