Bi. Mejumaa na Samaki wa Chini ya Jiwe

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha samaki hapa Ganjoni, Bi. Mejumaa Tsofa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai. Tungependa kuandika kwa furaha tupu, lakini wallahi roho zetu ziko juu.

Alianzia mlangoni, akikata tiketi. Kiti hakikukalika! Kila akitafutwa yuko kwenye matangi, hadi wakubwa wakachoka kumrudisha kitini, wakampa matangi yenyewe. Kipenzi chake ni samaki wa kijito kimoja cha Kwale, wadogo kama kidole cha mwisho, rangi ya mchanga. Wageni huwapita wakidhani tangi ni tupu. Kijito chenyewe kimekauka, na hatujui pengine wanakopatikana.

Samaki hawa wana mambo yao. Jike hubandika mayai chini ya jiwe, huyoo, kaenda zake. Dume ndiye hubaki akiyapepea kwa mapezi hadi yaanguliwe. Hali, halali, anakonda. Mwaka juzi Lewis, mwenzetu wa matangi, alimwona hivyo akamhurumia, akamhamishia tangi la wagonjwa ili ale ashibe. Mayai yote yakaota ukungu. Bi. Mejumaa alimnunia mwezi mzima, na chupa yake ya kahawa ikawa inamruka Lewis peke yake.

Stima ikikatika, maji husimama, na mayai hayataki maji yaliyosimama. Idi moja alikuja mbio na tuk-tuk kutoka Kuze, hina mbichi mikononi, akakaa akichota maji kwa upawa na kuyamimina hadi stima iliporudi. Hina ile anailalamikia mpaka leo.

Sasa dume yuko tena chini ya jiwe, na mayai yataanguliwa wiki ijayo, Bi. Mejumaa akiwa hayupo. Tulimsihi aongeze japo mwezi. Akakataa: magoti yamechoka, na wajukuu wanamngoja. Kwa desturi yetu mstaafu humkabidhi funguo amtakaye, na sote tulijua ni Nasiha, mwenzetu mwingine wa matangi, mwenye mkono mwepesi. Jumatatu akampa Lewis. Tulishikwa na butwaa! Akatwambia kituo kizima hakuna anayewaogopea samaki wale kama Lewis.

Ahsante sana, Bi. Mejumaa. Mola akupe afya, na wajukuu wakufaidi. Simu tu usiizime. Kuhusu Lewis, usiwe na shaka: hali, halali, amekonda, na safari hii hakuna atakayemtoa.