Mshono wa Kushoto wa Maman Vénantie

Wasikilizaji wapendwa, mlio nyumbani na mlio sokoni Kamembe, hamjambo. Ni mimi Kamikazi. Leo tunamkumbuka Vénantie Mukandori, fundi wa nguo wa Mururu. Amefariki Jumapili iliyopita, akiwa na miaka arobaini na minne. Amefariki kwa saratani ya titi. Nautaja ugonjwa kwa jina lake kwa sababu mazishini, saa mbili nzima, hakuna aliyeutaja. Walisema tu "alikuwa mgonjwa". Mgonjwa wa nini, mafua?

Nisameheni. Nimeudhika, na sitaficha.

Vénantie alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, wazazi wake Wanyarwanda. Alihamia huku Rwanda mwaka wa tisini na tano na mumewe, Mzee Karangwa, aliyevusha cherehani darajani akiwa ameibeba kichwani. Mwaka uliofuata vita vikaanza ng'ambo. Wateja wake wa Bukavu wakakimbilia huku, naye akawashonea kama zamani.

Mnakumbuka alivyopima. Hakukadiria kwa macho. Alikuzungushia utepe kifuani, kisha akapitisha vidole pembeni, taratibu, aone kitambaa kitalalia wapi. Ukijikaza, kana kwamba unakaguliwa forodhani, alikutania: "Pumua, Maman. Miye siko muntu wa duane pale ku daraja."

Hivyo ndivyo alivyogundua uvimbe wa Nabintu, mama wa Bukavu anayevuka kutuuzia samaki. Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, alipoleta kitenge ashonewe gauni. Nabintu amenisimulia mwenyewe jana:

"Mukono yake ikasimama. Akasema, hapa kuko kitu kama punje ya haragi. Nikamujibu haiumi. Akasema, ata kama haiumi, robo yako siishone mbele haujaenda kwa muuguzi. Akafungia kitenge yangu mu sanduku."

Nabintu akaenda, akapasuliwa. Narudia: alikwenda mapema, na leo yuko hai. Wanawake wengine wawili walitumwa na Vénantie kwa namna hiyo hiyo. Wao hawakukutwa na ugonjwa, wakarudi nyumbani wakicheka.

Sasa sikilizeni kinachonikera. Baada ya mazishi, mdogo wake, Patricie, alikunja nguo za marehemu. Gauni la kwanza, mshono wa kushoto umefumuliwa na kuachiwa upana wa kidole. La pili, vidole viwili. La tatu, limetiwa kipande kizima cha kitambaa chini ya kwapa. Mnaelewa? Fundi aliona nguo inambana upande mmoja, akarekebisha nguo. Miaka miwili alikuwa anarekebisha nguo.

Mzee Karangwa anasema: "Nilimuuliza, juu ya nini unafumua tena? Akasema kitambaa imerudi ku maji. Nikaamini, yeye njo fundi."

Kitambaa kilichorudi, yaani kunywea, upande mmoja tu. Nani amewahi kukiona? Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hata wewe ulipaswa kushtuka.

Patricie alimsihi aende. Jibu lilikuwa: "Batoto ba komunyo banangoja marobo yabo." Watoto walivaa magauni yao ya komunyo kanisani, yalipendeza sana. Vénantie alikwenda hospitali Januari hii, kidonda kimeshafunguka, na daktari akasema wamechelewa. Tumekimbia mabomu, jamani. Tumelala porini na watoto mgongoni. Halafu kilima kimoja cha kwenda kituo cha afya kinatushinda.

Basi narudia tangazo letu, polepole. Uvimbe kwenye titi au kwapani, hata usiouma. Titi moja kubadilika umbo. Ngozi kubonyea. Chuchu kuingia ndani au kutoa majimaji. Ukiona kimoja tu, nenda upimwe. Usingoje maumivu.

Kwa Mzee Karangwa, kwa watoto, kwa wateja wake wa pande zote mbili za mto, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nilimpenda, na hasira yangu inatoka hapo.

Patricie yuko nami hapa studio. Patricie, pole tena. Wewe umeshakwenda kuchunguzwa?

"Bado, dada. Tangu maziko niko na bageni."

Wageni. Mnasikia, wasikilizaji?

"Na weye, dada? Umeenda?"

Mimi?

Wasikilizaji wapendwa, nimesoma tangazo la uchunguzi kwenye mikrofoni hii miaka mitatu. Bado. Mimi pia bado.

Muuguzi wa kituo cha afya cha Giheke huwapokea akina mama kila Alhamisi, hadi saa sita mchana. Leo ni Alhamisi, na sasa ni saa tatu na nusu. Fundi mitambo atawawekea kwaya mpaka taarifa ya habari. Patricie, chukua mwavuli wako, twende.